Tuiteni Kabla Ramani Haijachorwa

Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano wa kukusanya maoni kuhusu mpango kabambe utakaoongoza ukuaji wa mji kwa miaka 20 ijayo, na nimerudi na uchungu ambao siku kadhaa hazijaupunguza. Ukutani palibandikwa ramani kubwa ya rangi, yenye barabara mpya, maeneo ya viwanda, maeneo ya makazi na, pembeni chini, saini za waliokwisha kuiidhinisha. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliinua mkono akauliza kama barabara iliyochorwa juu ya mtaa wake ingeweza kusogezwa. Alijibiwa kwa upole kwamba maoni yake yamepokelewa, ingawa sikuona mtu aliyeyaandika. Hakusema tena hadi mwisho. Nimekuwa nikimwaza tangu siku hiyo, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko hotuba zote: je, katika ramani hii kimebaki kitu chochote kinachoweza kubadilika?

Kama hakijabaki, basi tuliitwa kupewa taarifa, na wenye mkutano walikuwa na wajibu wa kutuambia hivyo. Tofauti hii si mpya. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi katika programu za serikali ya Marekani za kufufua miji, aliueleza ushirikishwaji kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8. Chini kabisa aliweka hila za kuwafanya watu waonekane wamekubali. Kupewa taarifa na kuombwa maoni aliviweka katikati, kwa maelezo kwamba mwananchi anaweza kusikilizwa bila kuwa na uwezo wowote wa kuhakikisha alichosema kinafuatwa. Vidato 3 vya juu tu ndivyo alivyoviona kuwa vinampa mwananchi sehemu ya uamuzi wenyewe.

Ninachodai hasa ni wakati. Maamuzi makubwa ya mpango hufanywa mapema sana: mji utanuke kuelekea pembezoni au ujengwe kwa kwenda juu pale ulipo, usafiri wa umma upite wapi, ardhi gani isijengwe kamwe. Ramani ya rangi inapofika ukutani, maswali hayo yamekwisha kujibiwa, washauri wamelipwa, na kila badiliko linamaanisha kurudia hesabu za mabomba, mitaro na fidia. Hata afisa mwenye nia njema kabisa atajikuta anautetea mchoro, kwa kuwa kuubadilisha kunagharimu fedha na miezi ambayo hakupangiwa. Kumwita mkazi katika hatua hiyo ni kumkabidhi mlango uliokwisha kufungwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Afisa mipango anajua kipenyo cha bomba na upana wa hifadhi ya barabara, na ujuzi huo nauheshimu. Lakini anayejua maji ya mvua husimama wapi, watoto huvukia wapi na wanawake huiepuka njia ipi giza likiingia ni yule anayeishi hapo. Baada ya mkutano, mzee mmoja alisogea kwenye ramani akafuata kwa kidole mkondo wa kijito kilichofukiwa zamani. Eneo lote alilolipitia lilikuwa limetengwa kwa ajili ya nyumba mpya. Maji hurudi yalikozoea kupita, na nyumba hizo zikijengwa hivyo zitakuja kujaa maji, ilhali mtu aliyelijua jambo hilo alikuwa amekaa kiti cha nyuma na hakupewa nafasi ya kuzungumza.

Wanaosema wananchi wa kawaida hawawezi kuamua mambo ya kitaalamu waitazame Porto Alegre nchini Brazili, ambako tangu mwaka 1989 wakazi walianza kukutana katika mabaraza ya maeneo yao na kupanga sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya jiji iende kwenye nini: maji, majitaka, lami, shule. Waitazame pia Manhattan, katika jiji la New York, Marekani, ambako barabara kuu iliyokusudiwa kukata mitaa ya kusini ilipingwa na wakazi kwa miaka mingi hadi ikaachwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mikutano ya hadhara ina kasoro yake kubwa. Utafiti uliopitia kumbukumbu za mikutano ya aina hii katika miji ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ulikuta kwamba wanaozungumza ni wenye umri mkubwa na wenye nyumba kuliko wakazi kwa jumla, na kwamba wengi wao husimama kupinga nyumba mpya zisijengwe. Mpango wa ukuaji unawahusu pia wapangaji, vijana na hata watu ambao bado hawajahamia mjini, na hao hawawezi kuja kujisemea. Lakini tiba ya kasoro hiyo ni kuwatafuta wasiofika: kuwafuata vituoni na makazini, kukutana jioni au siku za mapumziko, kueleza mpango kwa lugha wanayoizungumza, na kuteua kwa bahati nasibu jopo la wakazi wa kila hali watakaokaa na wataalamu tangu siku ya kwanza. Mchakato utarefuka, na iwe hivyo.

Jambo la mwisho ninalolitaka ni dogo. Kila hoja iliyotolewa iandikwe na ijibiwe hadharani kwa maandishi, iwe imekubaliwa au imekataliwa, pamoja na sababu yake. Mkutano unaofuata umekwisha kutangazwa, nami nitakwenda. Nitauliza kuhusu kile kijito, na nitauliza yule mama alijibiwa nini.