Sheria ya mtoro: aya mbili zinazorukwa na pande zote

Kijana aliyelelewa kanisani, aliyepita kipaimara na kuimba kwaya, siku moja anafungua Walawi 25 na kusoma aya ya 44 hadi 46. Waisraeli wanaruhusiwa kununua watumwa kutoka mataifa yanayowazunguka, kuwamiliki daima, na kuwaachia watoto wao kama urithi. Anageuza kurasa hadi Kutoka 21, aya ya 20 na 21: bwana akimpiga mtumwa kwa fimbo naye akafa papo hapo, bwana ataadhibiwa, mtumwa akikaa siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, maana yule ni mali yake. Kijana anauliza: kama Mungu yupo, na ni mwema, na sheria hii imetoka kwake, imekuwaje?

Mara nyingi jibu analopata ni kuombewa. Mimi ni muumini, na naona swali hilo ni zito kuliko mengi tunayohangaika nayo mimbarani. Naona pia kwamba wanaolitumia kumaliza mjadala, na wanaojaribu kulijibu, wote wanaruka aya mbili za Kumbukumbu la Torati ambazo zingewalazimisha kuanza upya.

Hoja ya wasioamini haijavunjwa na majibu tuliyozoea. Jibu la kwanza husema utumwa wa Biblia ulikuwa wa kulipa deni tu. Kwa Mwebrania ni kweli kwa kiasi kikubwa: Kutoka 21:2 inamwachia huru mwaka wa 7 bila kulipa kitu. Lakini Walawi 25 inamtenga mgeni na unafuu huo waziwazi. Anayesema "deni tu" amesoma nusu ya sheria, na kijana aliyesoma nusu ya pili atamwona kama mtu anayeficha kitu.

Jibu la pili lina hadhi zaidi. Mungu alimpa mwanadamu hiari, linasema, na kwa kuheshimu hiari hiyo aliwachukua watu walivyokuwa, akawaongoza taratibu. Yesu mwenyewe anafungua njia hiyo katika Mathayo 19:8, anaposema Musa aliruhusu talaka kwa sababu ya ugumu wa mioyo, ila tangu mwanzo haikuwa hivyo. Kwa hiyo si kila kilichomo katika Torati ndicho Mungu alichokipenda. Hapo nakubali. Lakini mpinzani makini ana la kujibu, na ni zuri. Katika Hesabu 15 mtu mmoja anakutwa akiokota kuni siku ya Sabato, naye anapigwa mawe mpaka kufa. Nguruwe amekatazwa. Tohara imeagizwa kwa siku ya 8. Sheria haikungoja mioyo ilainike kuhusu kuni, nyama na govi. Kwa nini ingoje kuhusu kummiliki mtu?

Tena, hiari ya nani? Tukisema Mungu aliacha utumwa uendelee ili asivunje hiari ya bwana, tumesahau kwamba chumba kilikuwa na watu wawili. Kila siku ya hiari ya bwana ilikuwa siku ya kunyimwa hiari kwa mtumwa. Wanafalsafa wametetea hoja ya hiari kwa ustadi mkubwa. J. L. Mackie aliandika mwaka 1955 kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote hawezi kuwepo pamoja na uovu, na Alvin Plantinga akaonyesha miaka ya 1970 kwamba hapo hapana mgongano wa lazima wa kimantiki, kwa kuwa huenda ulimwengu wenye viumbe huru haupatikani bila hatari ya uovu. Utetezi huo unahusu uovu ambao Mungu anauacha utendeke. Hausemi lolote juu ya uovu uliowekewa kanuni ndani ya sheria yenye jina lake.

Kama Torati ingeishia hapo, ningekuwa na shida kubwa ya kuendelea. Haiishii hapo.

Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inaagiza hivi, kwa maneno yangu: mtumwa aliyemkimbia bwana wake akaja kwako, usimrudishe; na akae nawe, katikati yenu, mahali atakapochagua mwenyewe, katika mji wowote unaompendeza; wala usimwonee. Basi. Hakuna kuuliza alitoroka kwa nini, hakuna fidia kwa bwana, hakuna muda wa kungoja madai.

Ili kuona ukubwa wa maneno hayo, weka kando yake sheria za Hammurabi wa Babeli, za takriban mwaka 1750 kabla ya Kristo. Sheria ya 16 inasema anayemficha mtoro nyumbani mwake asimtoe, mwenye nyumba huyo atauawa. Au njoo karibu zaidi: sheria ya Marekani ya mwaka 1850 kuhusu watoro iliweka faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6 kwa anayewasaidia. Kati ya Babeli na Washington ni zaidi ya miaka 3,000, na hakuna kilichobadilika katika kiini, kwa sababu hakiwezi kubadilika bila utumwa wenyewe kuanguka. Mnyororo haumshiki mtumwa saa zote. Anakwenda kisimani, anakwenda shambani, anatumwa sokoni. Kinachomshika ni kujua kwamba popote atakapokimbilia, jirani, askari na hakimu watamrudisha. Ondoa urudishaji, na kila bwana anabaki na watumwa wale tu ambao wangekubali kubaki. Bwana mkatili anapoteza watu wake usiku mmoja. Bwana mpole anapaswa kuendelea kuwa mpole, maana mlango uko wazi.

Aya hiyo haimgusi bwana hata kidogo. Haimwambii awaache watu wake huru, haimtozi, haimhubirii. Inazungumza na jirani. Na hiari inayolindwa mara hii ni ya mtumwa: ndiye anayechagua mji, na kipimo ni kinachompendeza yeye. Naiona kama sheria kali kuliko katazo la moja kwa moja, maana katazo lingehitaji mfalme wa kulisimamia, ilhali hii inahitaji tu mtu mmoja mwenye nyumba asiyekubali kuwa mkono wa bwana.

Upande wa pili una pingamizi ambalo halipaswi kufunikwa. Mwaka huohuo wa 1850 Moses Stuart, mwalimu mashuhuri wa Biblia kule Andover, Massachusetts, alitoa hoja kwamba aya hizo zinahusu tu watumwa waliokimbia kutoka nchi za kipagani kuingia Israeli, hivyo hazimzuii Mkristo wa kaskazini mwa Marekani kumrudisha mtoro aliyetoka majimbo ya utumwa ya kusini. Maneno "katikati yenu" na "mji wowote" yanampa nguvu. Yanasikika kama ya mtu aliyevuka mpaka. Nakubali kwamba huenda hiyo ndiyo hali iliyokuwa akilini kwanza. Lakini hata hivyo, yule mgeni ambaye Walawi 25 inamwacha awe urithi wa watoto wa bwana, hapa anafika mlangoni bila cheti wala ukoo, na sheria inampa uchaguzi wa makao. Vitabu viwili vya Torati moja vinavutana juu ya mtu yuleyule. Mpinzani anayesema "Biblia inaunga mkono utumwa" na mhubiri anayesema "Biblia inaupinga" wote wanaufuta mvutano huo, kila mmoja kwa faida yake.

Mabwana wenyewe hawakuufuta. Waliusoma vizuri. Mwaka 1807 kilichapishwa London kitabu cha sehemu za Biblia zilizochaguliwa kwa ajili ya watumwa Weusi katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Kitabu kile kilikuwa na 232. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi akilini. Ni sura moja tu katika kila tano. Agano la Kale karibu lote limeondolewa, safari ya Israeli kutoka Misri imeondolewa, na Wagalatia 3:28, isemayo hakuna mtumwa wala huru, imeondolewa. Waefeso 6:5, inayowaambia watumwa wawatii mabwana zao, imebaki. Kama kitabu kizima kingekuwa upande wa bwana, kwa nini mtu agharimie uchapaji wa toleo pungufu? Naona zilichapishwa sura 232 tu kwa sababu mabwana waliziogopa zile 957.

Jambo hili lilifika kwetu pia. Kituo cha misheni ya Kianglikana cha Rabai, nje ya Mombasa, katika miaka ya 1880 kilikuwa mikononi mwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Watoro walitoka mashamba ya pwani na kupanda hadi Rabai. Konseli wa Uingereza kule Unguja, John Kirk, alikwisha kuwaonya wamisionari kwamba kwa sheria ya Sultani watoro ni mali ya mabwana zao. Misheni iliyumba kati ya kuwapokea na kuwakataa. Katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wachache wakiongozwa na David Koi walikuwa na makazi yao Fuladoyo, ambako watoro walipokewa. Koi aliuawa mwaka 1883. Hukumu ya sheria ya 16 ya Hammurabi ilimpata huyo mwenye nyumba, ingawa hakuna hakimu aliyeisoma.

Kufikia 1888 mabwana wa pwani walitishia kuzivamia misheni. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani wakapewa hati za uhuru. Ilikuwa ahueni, sikatai. Ila pesa ilikwenda kwa bwana, na Torati haikumwandikia bwana hata senti. Koi na watu wake walikuwa karibu zaidi na aya ile kuliko kampuni.

Na leo? Katika nchi kadhaa za Ghuba, ambako mabinti wengi kutoka Kenya na Uganda wanakwenda kufanya kazi za nyumbani, mfumo wa kafala, yaani udhamini unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, kwa miaka mingi umemwezesha mwajiri kumripoti mfanyakazi aliyeondoka kama mtoro, naye akakamatwa na kufukuzwa nchini. Wana mkataba na mshahara, hawauzwi mnadani. Lakini kosa wanaloshtakiwa ni lilelile la kuondoka bila ruhusa.

Je, haya yanathibitisha kwamba Mungu yupo? Hapana, na sidai hivyo. Wala Walawi 25 haithibitishi kwamba hayupo. Inachovunja ni fundisho fulani: kwamba kila sheria ya Torati ni picha kamili ya nia ya Mungu. Mpinzani atauliza basi tunajuaje aya ipi ni ya Mungu na ipi ni ya ugumu wa mioyo, kama si kwa dhamiri zetu, na dhamiri asiyeamini anayo pia. Ni kweli anayo. Imani yangu haidai kwamba hana. Warumi 2:15 inasema sheria imeandikwa mioyoni mwa mataifa pia. Anapochukizwa na Walawi 25, sioni kwamba anampinga Mungu wangu. Naona anasimama pamoja na Kumbukumbu la Torati 23.

Kinachonisumbua mimi zaidi kiko katika Agano Jipya. Paulo, Farisayo aliyeijua Torati, anampata Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye wengi wamemhesabu kuwa mtoro, na anamrudisha. Anamwombea apokewe kama ndugu mpendwa, si mtumwa tena. Anajitolea kulipa deni lake. Anasema anajua Filemoni atafanya zaidi ya aliyoombwa. Ni barua ya upole mwingi. Lakini aya ya 14 inasema Paulo hakutaka kufanya lolote bila shauri la Filemoni, ili wema wake uwe wa hiari, usiwe wa lazima. Hiari ya bwana, tena. Kuhusu alichotaka Onesimo, barua haina neno. Wakristo wa Marekani waliotetea sheria ya 1850 waliitumia barua hiyo sana, na hawakulazimika kuipotosha kwa kiasi kikubwa. Kanisa likikuta mtoro mlangoni, nasema lifuate Torati.