Mvua ikikamia asubuhi, nani aseme watoto wasije shule?

Kila masika mjadala ni uleule hapa Dar. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya mvua kubwa tu, grupu la wazazi linawaka, mmoja anauliza jamani kesho shule ipo, mwingine anarukia sisi enzi zetu tulikuwa tunavua viatu tunavuka, watoto wa siku hizi mayai. Nyuma ya utani huo kuna swali la maana: mwalimu mkuu awe na rungu la kufunga shule yake mwenyewe, au asubiri tamko la juu?

Wanaokataa asipewe wana pointi, tusiwabeze. Mtihani ni wa taifa, NECTA, Baraza la Mitihani, hawaulizi kwenu kulinyesha siku ngapi. Masika yanaangukia katikati ya muhula wa kwanza, kila mmoja akifunga anavyoona kuna shule itafunga kwa manyunyu. Na mtoto wa Mkwajuni akibaki nyumbani hajabaki pakavu, amebaki bondeni palepale na mama yuko sokoni. Wanatoa na mfano wa Kenya mwaka 2024, shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, ikasogezwa Mei 6, ikasogezwa tena, zikaja kufunguliwa Mei 13. Wiki mbili hizo.

Ila mfano huo mimi naona unawageuka. Kenya uamuzi ulitoka juu kwa wote, waliozama na waliokuwa wakavu wakakaa nyumbani pamoja. Mwalimu mkuu angefunga yake tu.

Halafu tukisikia shule kuhimili majanga, mawazo yote yanakimbilia tofali na nondo. Sawa, tetemeko la Kagera Septemba 2016 liliziharibu Ihungo na Nyakato mpaka ikabidi zijengwe upya, jengo lina maana yake. Lakini kwetu huku darasa mara nyingi liko salama, kinachotisha ni njia. Arusha Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji asubuhi watoto wakiwa njiani, hawakuwa hata wamefika. Na mto Msimbazi unajua tabia yake, mvua inapiga milima ya Pugu huko, Jangwani huku chini jua linawaka, mtoto kaenda kakanyaga pakavu, saa tisa anarudi anakuta kivuko hakipo. Sasa afisa aliye ofisini atajuaje hilo? Mwalimu anajua, anajua mpaka akina fulani wa darasa la tatu ndio wanaopita kwenye ule ubao.

Kuna kisa cha Japani hakinitoki kichwani. Machi 2011, tetemeko, halafu tsunami. Shule ya msingi Okawa walimu waliwatoa watoto wakawapanga uwanjani, kilima kiko nyuma ya shule, wakakaa pale dakika kama 50 wakijadiliana waende wapi. Dakika 50! Maji yakaja, watoto 74 na walimu 10 wakaenda nayo. Kamaishi, pwani hiyohiyo, wanafunzi walikuwa wamezoeshwa kukimbia juu bila kumngoja mtu, wakakimbia, karibu wote wakapona. Wazazi wa Okawa walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Sendai ikasema kosa lilianza kabla ya siku yenyewe, shule na mamlaka zilitakiwa ziwe na mpango tayari, mwaka uliofuata Mahakama yao ya Juu kabisa ikaacha hukumu hiyo isimame. Yaani kosa halikuwa woga wa walimu uwanjani, lilikuwa karatasi ambayo haikuandikwa mapema.

Kwetu mwalimu mkuu akifunga bila barua, kesho yake anaandika maelezo. Asipofunga na likatokea la kutokea, atasema alikuwa anasubiri maelekezo. Unadhani atachagua lipi? Kama hofu ni watu kufunga ovyo, basi afunge pale tu TMA wametoa tahadhari, siku ilipwe Jumamosi, kwisha.

Masika yaliyopita mwalimu mkuu wa shule ya mpwa wangu, mama mmoja hivi mkali, aliwazuia wote wanaovuka mto wasitoke mpaka wafuatwe. Tukamsema grupuni hatari, na mimi nikiwemo, mtoto kanifanya niondoke kazini mapema nipande bodaboda kwenye mvua. Nilipofika kule chini yule bodaboda akasimama akazima pikipiki, akaniambia kaka hapa leo hatupiti. Kivuko hakikuwepo. Mama wa watu mpaka leo sijamwomba radhi.