Eti "mwache avute, ana stresi"

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu kliniki ya afya ya akili hapa Marekani, mimi mkalimani wa bure kama kawaida. Dokta kauliza usingizi, kauliza kula, kauliza kama bado anasikia sauti. Sigara hakugusia kabisa. Nikauliza mimi, nikajibiwa mwache tu, ana stresi nyingi, ndo starehe aliyobaki nayo.

Huruma gani hiyo jamani?? Wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na wengi wanaondoka kwa moyo na mapafu, halafu mtu na koti lake jeupe anaita hiyo starehe.

Na hiyo stresi yenyewe tuiangalie vizuri. Nikotini baada ya masaa mawili hivi nusu yake ishatoka mwilini, mtu anaanza kukosa raha, hasira za bure, mikono haitulii, anawasha nyingine, anapoa, anakwambia sigara imenituliza. Imekutuliza na nini wakati ndo hiyohiyo iliyokuvuruga? Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa uchambuzi wa tafiti 26, walioacha sigara, wasiwasi wao ulipungua, huzuni ikapungua, na stresi pia, hata kwa wenye ugonjwa wa akili. Sasa nani anamnyima nani starehe?

Haya, sawa, stresi ipo. Ukiwa mweusi au mhamiaji, kodi ya nyumba, makaratasi, kufuatwafuatwa dukani, siwezi kusema mtu anajitungia. Ila sheria ya Marekani ya 2009 ilipiga marufuku sigara zenye ladha ikaiacha mentho, ile ladha ya ubaridi kama mnanaa, ambayo ndo wavutaji weusi wengi wanavuta, 2022 serikali ikapendekeza kuizuia, Januari 2025 pendekezo likaondolewa. Bahati mbaya tu eeh?

Dawa za kuacha zipo, na zile hofu kwamba vereniklini, mojawapo ya dawa hizo, inapandisha ugonjwa wa akili zilipimwa kwa watu zaidi ya 8,000 mwaka 2016, onyo kali la kwenye boksi likaondolewa mwaka huohuo.

Ila asiache kimyakimya. Moshi unafanya ini lisafishe klozapini na olanzapini, dawa za magonjwa makali ya akili, harakaharaka, kwa hiyo akiacha sigara, dawa inapanda kwenye damu na dozi inabidi ishushwe. Sasa nyie mnaosindikiza wagonjwa, mkiambiwa "mwache avute" ulizeni hapohapo: hii dozi mmeipangaje kama hata hamjui anavuta ngapi kwa siku?