Hayo maua mnayala?

Jumamosi iliyopita mawaridi yangu manane yalifunguka kwa siku moja. Nikayapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia. Hazikupita dakika tano, wifi yangu akajibu kwa sauti: "Hongera wifi. Sasa hayo maua mnayala?" Nyuma yake watu wanacheka, jogoo anawika, na kuna mtu anakuna nazi. Uani kwetu kabisa. Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka nao. Ya pili nikakumbuka nyumbani hadi koo likanikaba. Ya tatu ndiyo iliyoniuma, na tangu hapo swali hilo linanizunguka kichwani, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani. Nilikuja Nairobi mwaka 2015 kumfuata mume wangu. Tumepanga Uthiru, upande wa juu wa jiji wenye udongo mwekundu, nyumba ya vyumba viwili na nyuma yake kipande cha ardhi cha hatua 10 kwa 6. Mama mwenye nyumba aliponipa funguo aliniambia pale nyuma naweza kupanda sukuma. Nikaipanda, tukaila msimu mzima. Msimu uliofuata niling'oa mistari miwili nikatia mawaridi. Nilipomaliza nilisimama pale na udongo mikononi, nikaangalia nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe, nikingoja mtu aniulize nani kaniruhusu. Hakutokea mtu.

Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Hakutokea mtu.

Sisi tuna ua wa nyumba na tuna ua la kunusa, maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, lakini kwetu hayakutani. Uani ni mafiga, ni kamba za nguo, ni pipa la maji, ni bata wa shangazi, ni mkeka wa kuanikia mpunga. Mti ukitaka kuishi pale lazima uonyeshe kazi yake. Mlimau, haya. Mpera, haya. Mwarobaini, haya, homa zipo. Mchaichai kwa ajili ya chai. Mrehani unavumiliwa kwa sababu harusi haikosi, na bibi harusi hawezi kukosa kikuba. Lakini ua la kukaa na kulitazama, ulimwagilie maji jioni kwa sababu tu unapenda rangi yake? Utaulizwa kama linaliwa. Mwaka wa pili watajenga chumba cha kupangisha juu yake.

Sisemi kwa kubahatisha. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na asmini moja tu duniani, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, pembeni pa choo cha nje. Alasiri alichuma vikonyo vyake kabla havijafunguka, akavitunga kwa uzi na kuviweka chini ya mto wake. Hakuviuza, hakumpelekea mwali. Vilikuwa vyake. Baba mdogo alipoanza kujenga chumba cha tatu cha wapangaji, kopo likasogezwa juani, kisha likasogezwa tena, kisha nikaliona limepinduliwa, fundi amelikalia. Nilikuwa na miaka 11. Bibi hakusema neno. Alikusanya uzi wake akauweka ndani ya sanduku. Kodi ya chumba kile ilinilipia ada ya shule, najua, na sijasahau. Lakini nafasi ya kopo moja ilikuwepo. Ilikuwepo kabisa.

Jikoni nako ni vile vile. Nikiwa na miaka 19 nilitia pilipili hoho ndani ya wali wa nazi. Nilikuwa nimeona rangi yake nikaipenda, basi. Shangazi alifunua sufuria mbele ya wageni akauliza, "Nani kapika hiki?" Mpaka leo nikishika hoho naisikia sauti ile. Tunapika vizuri sisi watu wa pwani, nitalisema hilo popote na kwa yeyote, lakini tumelinda vyungu vyetu kama mirathi. Msichana wa kwetu anafundishwa namna moja ya kupika, na akikosea anakuwa hadithi ya mtaa.

Hapa Nairobi hakuna anayejua wali wa nazi wangu unatakiwa uweje. Kwa hiyo nimejifunza kupika upya, na mambo niliyoyagundua yangemfurahisha hata shangazi kama angenipa nafasi nimweleze. Mwaka wa kwanza kande zangu hazikuiva. Nilidhani maharage ya huku ni mabovu, nikamlaumu muuzaji, nikabadilisha duka mara mbili. Kumbe ni urefu wa mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakifika kama digrii 94. Kwetu baharini yanafika 100. Unaona sufuria inatokota, unadhani moto umetosha, na maharage ndani yake hayajapata joto unalolijua wewe. Sasa nayaloweka tangu usiku na kuyapa muda wao, na kande zangu, ambazo majirani wanaziita githeri, nazimalizia kwa tui kama bibi alivyofanya.

Mnavu nao. Kwetu tunaupika na kuuvumilia uchungu wake. Wanawake wenye asili ya magharibi mwa Kenya walinionyesha wao wanavyofanya: huku Nairobi unaitwa managu, wao wanauchemsha, kisha wanaulaza ndani ya maziwa hadi kesho yake. Uchungu unatulia, mboga inakuwa laini. Nikajaribu kuulaza kwenye tui badala ya maziwa. Mara ya kwanza ulichacha, kwa sababu niliuacha mezani. Mara ya pili niliutia kwenye friji, asubuhi nikaupasha na karanga za kusaga kidogo, na mume wangu alikula akanyamaza, na kwake yeye kunyamaza ni sifa.

Nawasikia. "Umekuwa Mkenya siku hizi." "Mkataa kwao ni mtumwa." Methali hiyo nimetumiwa kwa maandishi na mtu ambaye sitamtaja, chini ya picha ya sahani ya mukimo, viazi vya huku vinavyopondwa pamoja na mahindi na majani. Haya, niambieni: aliyekataa kwao anatafuta nazi Eastleigh siku ya mvua, anaitikisa sikioni moja baada ya nyingine asikie kama ina maji, kwa sababu amechoka kuuziwa mbata? Aliyekataa kwao bado anakunia mbuzi iliyobebwa kwa basi kupitia mpakani Horohoro, wakati blenda ipo kabatini? Mimi sijakataa kitu. Nimeongeza.

Wengine watasema nina pesa za kuchezea. Mche wa waridi niliununua kando ya barabara kwa shilingi 250 za Kenya, na upo mwaka wa nne huu unatoa. Ninyi na mimi tunazijua kadi za michango zinazotufikia, na tunajua sare ya harusi moja inagharimu nini, na inavaliwa mara ngapi. Hakuna anayemuuliza mtu kama sare inaliwa.

Na nina jambo jingine linalonichoma zaidi. Ua la kwanza nililonunua Nairobi halikuwa waridi. Lilikuwa lile dogo la chunguni, majani yenye manyoya laini, maua ya zambarau na macho ya njano. Muuzaji aliniambia ni ua la Ulaya. Nikaja kusoma habari zake, nikakaa chini. Ni la Usambara! Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye milima yetu akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Zaidi ya miaka 100 limekaa kwenye madirisha ya watu baridi ikivuma nje, na mimi niliyezaliwa chini ya milima ile nimelijua nikiwa na zaidi ya miaka 30, nchi ya jirani, kutoka kwa mtu aliyedhani ni la wageni. Huko porini linapoota lenyewe misitu inakatwa na linazidi kuadimika. Tukiendelea kuuliza kila kitu kama kinaliwa, tutabaki na nini mlimani?

Msidhani Nairobi imenilevya. Ramadhani yangu ya kwanza hapa nilimimina mikate, nikampelekea jirani wa kulia. Sahani yangu ilirudi siku ya nne, imeoshwa inang'aa, ipo tupu, imeachwa kwa askari wa geti. Tupu! Kwetu sahani hairudi tupu, hata iwe na ndimu mbili. Nililia jikoni peke yangu, na niliomba Mungu anirudishe kwenye uani ule ule wenye mafiga na bata, ambapo mwanamke hawezi kupika harufu ikatoka asiulizwe amepika nini na ameacha kipande cha nani. Ukuta wa hapa una vipande vya chupa juu yake. Watu wanaondoka saa kumi na moja alfajiri, wanarudi usiku, na mawaridi yao wanayaona Jumapili kama yana bahati.

Na mawaridi yenyewe hayanuki. Hili siwezi kulisamehe. Kenya inalima mawaridi mengi Naivasha, usiku wa baridi na jua kali la mchana vinayafaa, yanapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mengine utayakuta hapa City Market yamesimama kwenye ndoo, marefu, yamenyooka. Inamia uyanuse. Hakuna kitu. Wakulima wa maua ya kukata walichagua mbegu zinazodumu siku nyingi ndani ya chombo, na harufu ikapotea njiani. Mimi niliwasumbua wauza miche mpaka nikapata moja la kizamani, jekundu iliyopauka, linaloachia petali upesi lakini linanuka mpaka dirishani. Muuzaji alinishangaa kwa nini nataka waridi lisilodumu.

Asmini zangu mbili zilikufa kwa baridi ya Julai. Ya tatu nimeiegemeza kwenye ukuta wa jiko, mahali panapohifadhi joto. Mwaka jana ilitoa vikonyo sita. Nilivitunga.

Nirudi kwa jirani. Ilipita karibu miaka miwili. Jumapili moja akagonga, ana mafungu mawili ya majani ya maboga, wenyewe wanasema malenge, akaniambia, "Mama Tanga, leo nakufunza mukimo. Nimekuwa nikiwaza nikuletee nini na ile sahani yako." Miaka miwili alikuwa akiwaza! Anafanya kazi zamu ya usiku, hakutaka kuniletea mkate wa dukani, na kwao sahani chafu ndiyo aibu, tupu si aibu. Mimi nilikuwa nimemhukumu tangu siku ile. Tukapika pamoja, tukatoka na sahani nyuma ya nyumba tukakaa kwenye vigoda mbele ya mawaridi, akanyoosha kidole kwa asmini akauliza ile ni nini. Nikamwambia ni ya bibi yangu.

Wiki iliyofuata nikaupika mukimo peke yangu kwa tui la nazi. Nilitia tui tangu mwanzo pamoja na viazi, likakatika, sufuria ikawa ya utelezi, tukala hivyo hivyo. Sasa nimeupata. Nilimpelekea jirani bakuli, akala amesimama mlangoni, akasema mama yake huko Nyeri asisikie, kisha akaomba zaidi.

Wifi, baada ya kucheka umenitumia ujumbe wa pili, faraghani, saa nne usiku, sauti ya chini, unauliza ile sahani ya kijani pembeni ya mawaridi kwenye picha ilikuwa nini na inapikwaje. Nakujibu hapa hapa ili na shangazi asome. Viazi kilo moja, mahindi yaliyokwisha kuiva vikombe viwili, fungu la majani ya maboga uliyoyatoa nyuzi, nazi moja kubwa. Chemsha viazi kwa tui la pili, majani na mahindi juu yake. Maji yakikaribia kukauka punguza moto, ponda kwa mwiko, na tui la kwanza ulimwage wakati unaponda, kidogo kidogo, lisichemke tena. Kitunguu kikaange pembeni mpaka kiwe cha kahawia, ndipo ukichanganye. Ukitaka kutia hoho, tia. Na lile kopo la bibi, kama bado lipo nyuma ya choo, lioshe uniwekee. Nakuja Desemba.