Bi harusi mmoja, rangi tatu

Nahariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga, na kero yangu kubwa si umeme wala wateja wanaochelewesha malipo (ingawa hao nao wana siku yao). Ni faili lile lile kubadilika sura kila linapofunguliwa. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, shela jeupe, piko nyeusi tii mikononi. Kwenye QuickTime, programu ya video ya kompyuta za Mac, picha nzima imepauka, piko imekuwa kama majivu. Kwenye televisheni ya sebuleni kule Chumbageni, mama mzazi wa bi harusi ananipigia: "Mwanangu, mbona bi harusi wetu umemtia wekundu hivi?"

Sijamtia kitu, mama! Kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 255, video za kawaida huhifadhi weusi kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Programu ikidhani weusi ni 0 na weupe ni 255, weusi unageuka kijivu. Halafu faili hubeba lebo ndogo inayosema rangi zisomwe kwa kanuni ipi, 601 ya video za zamani zisizo za HD au 709 ya HD. Lebo ikikosekana, kila programu inabahatisha kivyake. Hata ikiwepo, Mac ina hesabu yake ya mwanga, wengine wana yao. Na televisheni? Hiyo imetoka dukani imewekwa rangi za kung'aa ili ivutie wanunuzi, na hakuna aliyewahi kugusa mipangilio.

Siku hizi mteja anaitazama ofisini kwangu, akiridhika anamalizia hela. Akienda kuchomeka flashi kwenye TV ya shangazi, hayo ni ya kwao.