Asilimia 14 ya Nani?

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipovizuia vyuo, Juni 2023, kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, kila takwimu mpya inapotoka huzuka mabishano yale yale: huyu anasema Weusi wamefungiwa mlango, yule anasema hakuna kilichobadilika, na wote wawili wameshikilia asilimia ambayo hawajauliza imehesabiwa kati ya watu gani. Jambo hili linaniudhi sana, kwa sababu wanaohesabiwa humo ni pamoja na watoto wetu.

Tuanze na Harvard. Mwaka 2024 kilitangaza kwamba Weusi katika mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 14, kutoka 18 mwaka uliotangulia. Walioisambaza habari hiyo wengi wao waliacha maelezo yake: waliohesabiwa ni waliotaja rangi yao tu, na asilimia 8 hawakuitaja, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ukiwarudisha hao, ile 14 inakuwa takriban 13 ya darasa zima. Katika chuo cha Princeton nako, wasiotaja rangi yao walipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 7.7, huku wenye asili ya Asia wakishuka kutoka 26 hadi 23.8. Waliokishtaki Harvard mahakamani, wakidai kinawabagua waombaji wenye asili ya Asia, waliiona tofauti hiyo kuwa sababu ya kukitilia shaka chuo cha Princeton. Lakini itathibitisha nini tofauti ya alama 2.2, ikiwa walionyamaza wameongezeka kwa karibu alama 6 na hatujui ni akina nani?

Ni kweli, kunyamaza hakuelezi kila kitu. Katika chuo cha Amherst, mwaka huo huo, Weusi walianguka kutoka asilimia 11 hadi 3. Katika MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kutoka wastani wa 13 hadi 5. Hapo sibishani na mtu.

Hata hivyo, neno lenyewe “Weusi” linaficha mengi. Kijana aliyetoka Nairobi kwa viza ya masomo huingizwa katika takwimu za serikali kama mwanafunzi wa kigeni, bila rangi. Binamu yake aliyezaliwa Minneapolis huhesabiwa pamoja na vitukuu vya waliofanywa watumwa Georgia. Maprofesa Lani Guinier na Henry Louis Gates waliliibua suala hili hadharani mwaka 2004, wakieleza kwamba wengi wa Weusi wa Harvard walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka Afrika na Karibi. Asilimia 14 ile haiwatenganishi.