Kati ya Obama na McCain, Nani Alikuwa na Swali Gumu?

Hadi leo ukikaa kijiweni hukosi mtu wa kuapa kwamba Obama alizaliwa Mombasa. Wengi wetu tunacheka. Kinachonikera ni kwamba katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2008, mgombea ambaye uraia wake ulikuwa na swali la kisheria lenye uzito alikuwa mpinzani wake, John McCain, na hilo halizungumzwi sana.

Katiba ya Marekani inamtaka rais awe ametimiza miaka 35, awe ameishi nchini miaka 14, na awe raia wa kuzaliwa. Miaka inahesabika. Hilo la tatu katiba haikulifafanua, wala Mahakama ya Juu haijawahi kuamua kesi ya mgombea urais juu yake. Tunachojua ni kwamba mwaka 1787 John Jay alimwandikia George Washington akimtahadharisha kuhusu wageni, hasa wasije wakapewa uamiri jeshi mkuu.

Sasa McCain. Alizaliwa Agosti 1936 katika Ukanda wa Mfereji wa Panama, eneo lililokuwa chini ya Marekani, baba yake akiwa afisa wa jeshi la majini. Sheria iliyotamka bayana kuwa watoto wa Wamarekani waliozaliwa pale ni raia ilipitishwa Agosti 1937, ikarudi nyuma kuwashika wote waliozaliwa tangu 1904. Profesa wa sheria Gabriel Chin akahoji: mtu aliyepata uraia akiwa na miezi kumi na moja ataitwaje raia wa kuzaliwa? Binafsi naona anabana mno, lakini ni hoja ya mwanasheria, si umbea. Seneti ilijibu Aprili 2008 kwa azimio lisilo na nguvu ya sheria kwamba McCain anafaa, na seneta Obama alikuwa mmoja wa waliolidhamini.

Mdhamini huyo alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, Hawaii ikiwa tayari ni jimbo. Tangu kesi ya Wong Kim Ark ya 1898, mtoto wa wageni wakazi aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, sembuse mwenye mama Mmarekani. Bado alidaiwa cheti cha kuzaliwa. Akatoa cha kifupi, na mwaka 2011 akalazimika kutoa kile kirefu. Kuna aliyeghushi hata cheti cha Kenya cha Februari 1964 chenye jina la Jamhuri ya Kenya, wakati jamhuri tuliipata Desemba mwaka huo!

Lakini Mombasa haikuchaguliwa ovyo. Kwa sheria ya wakati ule, mama Mmarekani aliyejifungua nje kwa baba mgeni alitakiwa awe ameishi Marekani miaka kumi, mitano kati yake baada ya kutimiza miaka 14. Mama yake Obama alikuwa na miaka 18, kwa hiyo kama angejifungulia Mombasa hesabu isingetimia. Seneta Ted Cruz naye alizaliwa Calgary, Canada, mwaka 1970, baba Mkuba, mama Mmarekani aliyetimiza masharti, akagombea tiketi ya urais 2016. Donald Trump alimsumbua kwa hilo, ila hakuandamwa miaka na miaka. Baba wa Obama alikuwa Mwafrika mweusi. Sioni maelezo mengine yanayotosha.

Mwaka 2003 Seneta Orrin Hatch alipendekeza katiba ibadilishwe ili aliyekuwa raia kwa miaka 20 aruhusiwe kugombea. Ningeliunga mkono hilo bila kusita. Wakishindwa, basi angalau waandike tafsiri, kama Kenya ilivyofanya katika ibara ya 14 ya katiba ya 2010: raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku anazaliwa, popote pale, mama au baba yake ni raia. Wasiinakili tu, maana kwa kipimo hicho Kamala Harris, aliyezaliwa Oakland kwa baba Mjamaika na mama Mhindi, angeweza kuachwa nje.